Kutwaa Mwili si Kuvaa Nguo

Mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, kengele ya Malaika wa Bwana hutualika kusali. Mkulima wa Kishapu aliye katika shamba la pamba husimamisha jembe, mama aliye jikoni huweka mwiko chini, na wote wawili husali sala ile fupi waliyofundishwa tangu utoto. Ndani yake hukiri kwamba Neno wa Mungu alitwaa mwili. Mwenye kuishika desturi hii kwa uaminifu hutamka maneno hayo mara elfu na zaidi kila mwaka, na ulimi wake umekwisha kuyazoea. Lakini jambo lililozoewa na ulimi si lazima liwe limeeleweka na akili. Leo, wasomaji wapendwa, twawaomba msimame pamoja nasi kidogo mbele ya maneno haya mawili, tuulizane: kutwaa mwili maana yake nini? Tena, jambo hili lamhusu nini mtu anayeishi kati ya Mhunze na Mwadui, mwenye kuhangaikia mvua, bei ya pamba na ada ya watoto?

Mtu asidhani kwamba swali hili ni la wanafunzi wa seminari peke yao. Katika nchi yetu hii ya Usukuma, na katika mikoa ya dhahabu iliyo jirani nayo, wako watu waliokufa kifo kibaya kwa sababu wengine walikosea kujibu swali dogo: mwili ni nini, na ni wa nani?

NENO LENYEWE

Kilatini cha Kanisa husema incarnatio, neno lenye shina lake katika caro, yaani nyama. Wagiriki kabla yao walisema sarx, nalo lina maana iyo hiyo: nyama ya mwili, ile inayochubuka, inayotoka damu, inayozeeka na kuoza. Mwinjili Yohane alipolichagua neno hili katika sura ya kwanza ya Injili yake, hakuchagua neno la heshima. Alilitafuta neno la chini kabisa, ili mtu yeyote asije akadhani kwamba Mungu alitukaribia nusu ya njia tu.

Mwenye kulifasiri neno hilo kwa Kiswahili anayo maneno mawili mbele yake: nyama na mwili. Nyama ndilo lililo karibu zaidi na Kigiriki, lakini masikioni mwetu lina harufu ya bucha, tena laweza kumtaja mnyama mwenyewe. Mwili lina adabu zaidi. Basi likachukuliwa mwili, na tafsiri hiyo ni njema. Hata hivyo ina hatari yake. Katika mazungumzo yetu ya kila siku twauweka mwili upande mmoja na roho upande wa pili, kana kwamba ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Na mtu akiisha kufa, twasema mwili wake umehifadhiwa hospitali ukingojea maziko. Hivyo msikilizaji aweza kudhani kwamba mwili ni ganda tu, na kwamba mtu mwenyewe ni kitu kingine kilichojificha ndani.

Tuyatazame sasa maneno ya kitendo. Sala ya Malaika wa Bwana husema kutwaa. Kanuni ya Imani tunayoitamka siku ya Dominika husema kupata mwili, kisha mara moja huongeza kwamba alikuwa mwanadamu. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa kwa umoja wa tafsiri mwaka 1952 husema kufanyika. Mafundisho ya zamani ya katekisimu yalizoea kusema kujifanya mtu. Wahubiri wengine hupenda kusema kuvaa mwili. Na wataalamu wa siku hizi wamelifinyanga jina moja kutokana na mwili wenyewe, nao hulitaja fumbo hili Umwilisho.

Kila moja la maneno haya lina wema wake, na karibu kila moja lina mtego wake. Kujifanya kulimaanisha kwamba Mwana wa Mungu alifanya hivyo mwenyewe, kwa hiari yake, wala hakulazimishwa na yeyote. Lakini siku hizi tukisema fulani anajifanya mgonjwa, twamaanisha kwamba si mgonjwa. Mtoto wa leo akisikia kwamba Mungu alijifanya mtu, aweza kuelewa kinyume kabisa cha lile tunalotaka aelewe. Kufanyika ni neno lenye nguvu, ila asiye mwangalifu aweza kudhani kwamba Neno aligeuka akawa mwili na kuacha kuwa Mungu, kama maziwa yanavyogeuka kuwa mtindi na kuacha kuwa maziwa mabichi. Kutwaa na kupata yanafaa, mradi tukumbuke kwamba alichokitwaa hakukiacha tena: hata baada ya kufufuka alimwonyesha Tomaso makovu ya misumari.

Lililo hatari kuliko yote ni kuvaa. Nguo huvaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku. Kanzu ikichanika, aliyeivaa haumii. Nguo ikichakaa, hununuliwa nyingine. Kama Mwana wa Mungu aliuvaa mwili kama mtu avaavyo nguo, basi pale Kalvario misumari ilipita katika vazi tu, na mwenye vazi alikuwa salama ndani yake. La hasha! Hiyo siyo imani yetu.

MAKOSA MAWILI YA ZAMANI

Makosa haya hayakuzaliwa katika Kiswahili. Tangu mwanzo wa Kanisa walikuwako watu waliosema kwamba Kristo alionekana tu kuwa mtu. Kwamba hakula kwa kweli, hakuchoka kwa kweli, wala hakufa kwa kweli. Waliona ni aibu Mungu kuwa na tumbo lenye njaa. Mtakatifu Ignas, Askofu wa Antiokia, alipokuwa akipelekwa Roma mwanzoni mwa karne ya pili ili atupwe kwa wanyama wakali, aliwaandikia Wakristo kuwaonya juu ya watu hao. Hoja yake ilikuwa nyepesi, nayo haijajibiwa hata leo: ikiwa mateso ya Kristo yalikuwa ya kuonekana tu, basi yeye Ignas amefungwa minyororo kwa sababu gani? Minyororo yake ilikuwa ya chuma kweli. Hakukubali kufa kweli kwa ajili ya aliyekufa kwa kuigiza.

Kosa la pili lilikuwa la werevu zaidi. Katika karne ya nne Apolinari, Askofu wa Laodikea, alikubali kwamba mwili wa Kristo ulikuwa mwili kweli. Lakini alisema kwamba mahali pa akili ya kibinadamu palikuwa na Neno wa Mungu mwenyewe. Yaani Kristo alikuwa na mwili wa mtu bila kuwa mtu kamili, mfano wa nyumba iliyohamiwa na mgeni. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliyakataa mafundisho hayo. Mtakatifu Gregori wa Nazianzi alieleza sababu: sehemu yoyote ya mtu ambayo Kristo hakuitwaa ingebaki bila kuponywa. Sisi hatukutenda dhambi kwa mikono peke yake. Tulitenda kwa akili na kwa utashi pia. Mwokozi asiye na akili ya mtu angewezaje kuiponya akili ya mtu? Ndipo miaka sabini baadaye, mwaka 451, Mtaguso wa Kalkedonia ukakiri kwamba Kristo ni Nafsi moja katika asili mbili, Mungu kweli na mtu kweli, pasipo kuzichanganya asili hizo wala kuzitenganisha.

Sasa twaelewa kwa nini Kanuni ya Imani haitosheki na kusema kwamba alipata mwili, bali huongeza kwamba alikuwa mwanadamu. Sehemu ya pili huilinda ya kwanza. Kitendo kilicho katika moyo wa fumbo hili ni kuwa. Hakuazima mwili kwa muda, wala hakupanga ndani yake. Alikuwa mtu.

LUGHA YETU YAJUA ZAIDI YETU

Hapa lugha yetu yenyewe yatusaidia, ingawa mara nyingi hatuisikilizi. Mama wa Kishapu anapomwogesha mwanawe hasemi kwamba auogesha mwili wa mtoto. Asema amwogesha mtoto. Mtu akipigwa hasemi, umeupiga mwili wangu, asema, umenipiga. Tena, mtu akikatwa mkono kwa panga, Mswahili hasemi kwa kawaida kwamba waliukata mkono wake, kana kwamba mkono ni mali iliyowekwa kando, kama fimbo au kofia. Asema, walimkata mkono. Aliyekatwa ni yeye. Sarufi yetu imemweka mtu mwenyewe ndani ya kitendo, nao mkono hutajwa baadaye, kuonyesha tu ni mahali gani pake palipoguswa.

Babu zetu hawakusoma maandiko ya Kalkedonia. Hata hivyo walipoiunda sentensi hii walikiri jambo ambalo Mababa wa Kanisa walilitetea kwa jasho: kwamba mwili ni mtu mwenyewe alivyo hapa duniani, awezavyo kuonekana, kupendwa na kujeruhiwa. Aliye na roho isiyokufa ndiye huyo huyo mwenye mkono unaouma. Wasukuma wana neno munhu, na huyo munhu ni mzima; hagawanyiki vipande.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi tuwe waangalifu tusilitumie jina la Umwilisho ovyo. Katika nchi yetu mtoto hupewa jina la babu yake, na wazee husema babu amerudi. Desturi hiyo yadumisha ukumbusho na upendo wa ukoo, lakini siyo Umwilisho, kwa maana mtoto ni mtu mpya, mwenye roho yake, na babu yu mikononi mwa Mungu. Jirani zetu Wahindu wa mijini husadiki kwamba Mungu ameshuka mara nyingi kwa maumbo mbalimbali; twawaheshimu, ila sisi twakiri jambo lingine, lililotendeka mara moja tu, kwa mtu mmoja, wala halitatanguliwa. Na mtu akimsifu kiongozi kwamba yeye ni haki iliyotwaa mwili, yafaa asema tu kwamba kiongozi huyo ni mfano mwema. Sifa itabaki, na neno takatifu halitachakaa.

MWILI NA BEI YAKE

Tumekwisha kufika mahali penye uchungu. Wilaya ya Kishapu inajulikana mbali kwa sababu ya Mwadui, ambako mwaka 1940 Daktari John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi. Mwaka 1947 lilipatikana hapo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, likatolewa zawadi ya arusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Uzito wa jiwe hilo lote kabla ya kuchongwa haukufika gramu 11. Watu wa huku wameujua kwa muda mrefu mzani mdogo wa almasi, mzani mdogo wa dhahabu na mzani mkubwa wa pamba. Kupima mali si dhambi. Mchimbaji na mkulima wana haki ya kupata bei ya jasho lao. Lakini mtu akizoea mno kupima, huja siku anapomtazama hata jirani yake kwa jicho la mzani.

Siku hiyo ilikuja. Tangu mwaka 2007 na kuendelea, Shinyanga, Mwanza, na zile wilaya ambazo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Geita, zilitajwa duniani pote kwa jambo la aibu. Watu wenye ualbino waliwindwa. Waganga wa uongo waliwaambia wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na wafanya biashara kwamba kiungo cha mtu kama huyo huleta utajiri. Wengine waliuawa, wengine waliachwa hai bila mkono. Hata makaburi yalifukuliwa. Umoja wa Mataifa ulitaja zaidi ya watu 70 waliouawa katika Tanzania tangu mwaka 2000. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu. Wala jambo hili si la zamani tu. Mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino alinyakuliwa kutoka kwa mama yake, na mwezi uliofuata maiti yake ilipatikana, imekatwa viungo. Walioshtakiwa walikuwa watu tisa, na miongoni mwao walikuwamo baba wa mtoto na padre mmoja. Mashtaka si hukumu, na kupima ushahidi ni kazi ya mahakama, si ya gazeti. Lakini hakuna Mkatoliki aliyesikia habari ile akaweza kusema kwamba jambo hili ni la wapagani wa mbali.

Tusikilize maneno yaliyotumika. Kwanza lilikuwako neno zeruzeru, ambalo halikumtaja mtu bali kitu cha ajabu. Kisha vijana wa mitaani, walipomwona mtu mwenye ualbino akipita, walipiga kelele: dili! Yaani biashara hiyo yapita. Na waganga walipoagiza, waliagiza viungo. Neno hilo hilo hutumika sokoni kwa bizari na mdalasini. Kwanza mtu alinyang'anywa jina, kisha akafanywa bidhaa, mwishowe akagawanywa kwa vipande. Na kabla panga halijainuliwa, ulimi ulikuwa umekwisha kuimaliza kazi. Walioacha kusema kwamba wamemkata mkono, wakaanza kusema kwamba wameupata mkono, walikuwa wamekwisha kumwondoa mtu katika sentensi.

Mwingine atatupinga hapa. Atasema: wauaji hawakuwa wanafalsafa, waliongozwa na umaskini, tamaa na hofu, fundisho la Umwilisho lingewasaidia nini? Twakubali kwamba umaskini upo, na kwamba mchimbaji aliyeshinda mwezi mzima ndani ya duara bila kuona hata punje ya dhahabu huwa tayari kusadiki lolote. Lakini maskini walio wengi hawakumwua mtu yeyote. Umaskini hueleza kwa nini mtu alitafuta bahati. Hauelezi kwa nini aliitafuta katika mwili wa jirani. Hilo latokana na mawazo yake juu ya mwili.

Mwingine atasema: hao hawakuudharau mwili, bali waliutukuza kupita kiasi, kwa kuwa waliamini una nguvu. Neno hili ni la kweli, nalo latufundisha. Kuna njia mbili za kukosea. Mmoja asema mwili ni ganda, si kitu. Mwingine asema mwili ni dawa yenye nguvu ya ajabu. Waonekana kupingana, lakini wote wawili wametenda jambo moja: wameutenga mwili na mwenyewe. Mmoja asahau mwili kwa ajili ya roho, mwingine amsahau mtu kwa ajili ya nyama. Fumbo la Neno aliyetwaa mwili lawapinga wote wawili kwa pamoja, kwa kuwa laonyesha mwili ambao tangu siku ya kwanza ulikuwa wa Nafsi fulani, mwenye jina, aliyezaliwa na mama anayejulikana, katika kijiji kinachojulikana.

Wa tatu atauliza kwa haki: je, Waislamu na watu wa dini ya mababu hawajui kwamba kuua ni haramu? Wajua sana, na wengi wao walisimama imara kuwalinda jirani zao. Sheria ya Mungu iliyoandikwa katika moyo wa kila mtu yatosha kumhukumu muuaji. Hatusemi kwamba Mkristo peke yake ndiye ajuaye thamani ya mtu. Twasema kwamba Mkristo ana deni kubwa zaidi. Yeye amekiri mara elfu kwa mwaka kwamba Mungu mwenyewe ana mwili. Yeye hukaribia altare, husikia padre akimtajia Mwili wa Kristo, naye hujibu Amina. Midomo hiyo hiyo ikienda usiku kwa mpiga ramli kuulizia kiungo cha mtu, Amina ile imekuwa uongo.

Wala tusiwasahau bibi vizee wa Usukuma walioitwa wachawi na kuuawa, wengi wao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo yaliiva kwa moshi wa miaka mingi, hata moshi wa samadi pale kuni zilipokosekana, wakiwapikia wana na wajukuu. Alama ya upendo wao katika mwili iligeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi.

YATUPASA NINI

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi ya kimisionari, ulifundisha kwamba Kanisa lapaswa kuingia katika maisha ya kila taifa kwa mfano wa Kristo alivyoingia katika maisha ya watu wake. Katika Sinodi ya mwaka 1974 maaskofu wa Afrika walisema kwamba siyo kurekebisha mambo ya nje tu kunakotakiwa, bali Umwilisho. Usukuma ulikuwa umekwisha kuanza. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Mapadre Weupe alianza katika miaka ya 1950 kuzikusanya ngoma, nyimbo na vyombo vya Wasukuma, na kanisa la hapo likajengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya huku. Hapa Kishapu penyewe, huko Ndoleleji, Padre Donald Sybertz wa Shirika la Maryknoll alitumia miaka mingi kusikiliza methali na hadithi za wazee, na mwaka 1996 yeye na Padre Joseph Healey walitoa kitabu juu ya teolojia inayotokana na masimulizi hayo.

Kazi hizo ni za heshima. Lakini nasi tuliozirithi tujihadhari na lile kosa la nguo. Tukidhani kwamba Injili imetwaa mwili wa Usukuma kwa sababu tu twapiga ngoma wakati wa matoleo na padre amevaa kitenge, tumemvika Kristo vazi, wala hatujampa mwili. Injili hutwaa mwili hapa siku ile inapoigusa ngozi ya mtu wa hapa: anapolindwa anayewindwa, anapoulizwa hali yake anayeogopwa, anapokaribishwa mezani anayetengwa.

Mambo hayo si makubwa mno kwetu. Ualbino ni hali ya kuzaliwa nayo: mtoto amerithi kutoka kwa baba na mama wote wawili upungufu wa ile rangi inayoikinga ngozi na macho. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania yumo mmoja katika kila watu 1,400. Adui yake wa kila siku kuliko panga ni jua, kwa kuwa humletea saratani ya ngozi. Basi kofia pana ni tendo la imani. Shati la mikono mirefu ni tendo la imani. Mafuta ya kukinga jua, ambayo hata Moshi yanatengenezwa, ni tendo la imani. Mwalimu anayemweka mtoto huyo mbele darasani, kwa kuwa macho yake hayaoni ubao kwa mbali, amefundisha fumbo la Umwilisho vizuri kuliko makala hii. Na jumuiya ndogo ndogo iliyo na mtoto kama huyo katika eneo lake isingoje barua ya Askofu. Ijue njia anayopita kwenda shule, na nani anayeandamana naye.

Miaka ile ya hofu, watoto wengi walikusanywa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga ili wawe salama nyuma ya ukuta. Tuwashukuru waliowapokea. Lakini ukuta ni ushahidi juu yetu sisi tulio nje yake. Mtoto aliyetengwa na mama yake ili asiuawe na jirani zake ameokolewa, ila jirani zake bado. Kazi yetu ni kuijenga nchi ambayo ukuta wa namna hiyo hauhitajiki.

Tena tuusafishe ulimi. Katekista anayewaandaa watoto aseme kwa uwazi kwamba Mwana wa Mungu alikuwa mtu kweli, na aeleze kwamba kujifanya kwa zamani siko kujifanya kwa leo. Mhubiri aache kusema kuvaa. Mzazi akimsikia mwanawe akimwita mwenzake dili, asicheke wala asinyamaze, kwa kuwa hapo ndipo njia mbaya inapoanzia. Na sisi waandishi wa magazeti, tunapoandika habari za ukatili wa namna hii, tusiandike kwamba viungo vimekamatwa, kana kwamba ni magendo. Tuandike kwamba mtu ameuawa.

Adhuhuri ya leo kengele ikilia, mkulima atasimamisha jembe lake tena. Atakapofika kwenye maneno yale, na atazame mkono wake mwenyewe ulioshika mpini: mishipa yake, sugu zake, kovu la utotoni. Mungu anao mkono kama huo. Kisha amtazame apitaye barabarani, awe mweusi wa kung'aa au mweupe wa ualbino, awe kijana au bibi mwenye macho mekundu. Huyo naye hana mwili wa kuuzwa. Huyo ni munhu, mzima, na Mungu hakuona aibu kuwa kama yeye.